Kifungo cha Pili

Kwanza napindua.
Wageni huanza na uso: herufi, tai,
gurudumu lenye mabawa.
Uso hudanganya kwa urahisi, hata uso wa shaba.
Mimi naanza na mgongo,
pale kikonyo kilipochomelewa, pale fundi
alipogonga jina lake kwa duara, na mji,
na ukiwa na bahati, mtaa;
maana karakana zilihama, zikaungua, zikaoana,
na kila kuhama kunanipa mwaka.

Haya nimejifunza kwa magoti,
magharibi mwa Parsons, jimbo la Kansas,
mahali reli iling'olewa na mataruma yakauzwa
kuzungushia mawaridi ya watu.
Kigundua chuma changu hulilia msumari, hulilia kizibo cha bia,
hulia mara mia kwa upuuzi;
mara ya mia na moja najilaza kwenye kokoto
nikifukua kwa kijiko cha marehemu mume wangu.
Nimepata kufuli lisilo na ufunguo.
Nimepata koleo ya tiketi inayotoboa moyo mdogo
(kila kondakta alikuwa na tundu lake, kama saini).
Na vifungo. Kumi na tisa kwa miaka minane.

Jumanne akaja Verlene Tuggle na kopo la biskuti.
"Vya babu yangu," akasema. "Alikuwa kondakta."
Akaketi bila kuvua koti.

Ndani, ukanda wa kitambaa cha buluu nzito,
umekatwa kwa mkasi kutoka kifuani mwa koti.
Vifungo vitano bado vimeshonwa.
Cha pili kutoka juu kilikuwa kimekatika,
kinacheza chini ya kopo.
Vyote rangi ya dhahabu. Na dhahabu ni ya kondakta;
nyeupe, ya nikeli, ni ya mshika breki na mpagazi.
Sheria hiyo waliijua hata watoto
waliopungia treni mikono.

Nikakipindua kile kilichokatika.
Mgongo ulikuwa mweupe.

Nikaleta kioo cha kukuzia.
Ukingoni dhahabu ilikuwa imekunjamana
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Dhahabu ya kiwandani haikunjamani.
Hii ni rangi ya kopo, ile ya fremu za picha,
imepakwa kwa brashi nyembamba kama kope
na mtu mwenye subira, usiku, mezani.

Nikajua. Kwenye njia ile, miaka ile,
mtu mweusi hakuitwa kondakta.
Alihesabu abiria. Alitembea nyuma ya behewa la mwisho
theluji ikiwa magotini, taa mkononi.
Alijaza daftari la safari, mwingine akatia saini,
na Ijumaa akapokea mshahara wa mpagazi.
Miaka thelathini na mmoja.
Hicho nacho ni kifungo.

Ukucha wangu ulikuwa tayari ukingoni.
Mkusanyaji yeyote angekwangua:
nikeli safi ina bei, rangi ya kopo haina.

Verlene akautazama ukucha.
"Bibi alisema koti hili alilivaa Jumapili tu.
Kwenye treni alikuwa na lingine."
Akasogeza kopo kidogo upande wake.
"Sijakuuliza ni vya nani, wala vya kazi gani.
Nimekuuliza ni vya mwaka gani."

Nikaondoa ukucha.
"Kumi na moja," nikasema, "au kumi na mbili.
Kwa sababu ya mtaa."
Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

Halafu nikamwonyesha usoni, katikati:
pale dhahabu imekwisha, weupe unachungulia,
doa la umbo la yai, upana wa kidole gumba.
Jumapili baada ya Jumapili, mhubiri akiwa mbali mno na amina,
mtu huyu alikuwa akikisugua kifungo chake cha pili.

Verlene akaweka kidole gumba chake pale.
Kikazidi kidogo.

Nikajitolea kukishona. Akakataa.
Akaomba sindano tu, na uzi,
mweusi, kama ninao,
na taa niisogeze karibu.